Anga Lilipofungwa, Bożena Alipeleka Uboho Oslo kwa Lori la Samaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bożena Skowrońska amesimama mbele ya mashine ya eksirei katika uwanja wa ndege wa Wrocław. Nyuma yake foleni inarefuka. Amegoma kupitisha sanduku lake.

"Hili haliingii humo," anasema.

"Kila kitu kinaingia humo, mama," askari wa ukaguzi anamjibu. "Hata viatu vya askofu viliingia."

"Viatu vya askofu havifi. Soma barua hii kwanza, halafu tuongee."

Askari anasoma. Ni barua ya kurasa mbili yenye mihuri mitatu. Anamwita mkubwa wake, ambaye akifika haisomi kabisa. Anamtazama mwanamke huyu mfupi mwenye koti la kijani, anacheka.

"Huyu mzoee mapema," anamwambia mwenzake. "Mfungulie kwa mkono pale mezani. Na usiguse kilichomo, atakukata vidole."

Kilichomo ni mfuko mmoja wa plastiki, chini ya nusu lita, wenye kimiminika chekundu kizito kama nyanya iliyopondwa. Ni seli za uboho. Zimetoka jana mchana kwa mtu mwenye afya njema hapa Poland, na kesho zitaingia mwilini mwa mgonjwa wa saratani ya damu huko Norway. Bożena hamjui wa kwanza wala wa pili. Hajui kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, na kanuni za kazi hazimruhusu kuuliza.

"Mimi najua saa mbili tu," anasema baada ya kulifunga sanduku. "Saa zilipotolewa, na saa ambayo lazima ziwe zimefika. Kati ya hapo ni kazi yangu."

Kati ya hapo kuna saa sabini na mbili. Zikipita hizo, seli huwa zimechoka mno kumfaa mtu. Madaktari hupenda zifike kabla ya saa arobaini na nane.

Bożena ana miaka 62. Kwa miaka thelathini na sita aliendesha tramu katika jiji hili, hadi alipostaafu miaka miwili iliyopita. Pensheni yake ni zloti 3,400 kwa mwezi. Kwa kila safari ya sanduku hulipwa zloti 500 na posho ya chakula, ambacho mara nyingi hakili, kwa sababu hubeba mkate wake mweusi, soseji na matango ya kuchacha kutoka nyumbani.

Aliingia katika kazi hii baada ya kukataliwa. Mwaka 2006 lilibandikwa tangazo ndani ya tramu yake, likiomba watu wajitolee uboho. Alilisoma kila siku kwa wiki mbili, kisha akaenda kujiandikisha. Walimpima, wakamwambia ana ugonjwa wa tezi ya shingo, hafai.

"Nilikasirika," anakumbuka. "Nikamwambia yule daktari, basi kama uboho wangu haufai, miguu yangu je? Akaniuliza, miguu ya nini? Nikasema, si kuna mtu anayezibeba hizo seli? Akasema, ndiyo, yupo, na tuna upungufu."

Tangu siku hiyo, likizo zake zote zilikwenda kwenye sanduku.

Muulize umbali wa viwanja viwili vyovyote vya Ulaya atakujibu kabla hujamaliza kutamka. Wrocław hadi Lisbon, zaidi kidogo ya kilomita elfu mbili na mia nne, saa tatu na nusu hewani ukipata ndege isiyotua njiani. Wrocław hadi Oslo, kilomita elfu moja na sabini, saa moja na dakika arobaini.

"Lakini hiyo ya Oslo naijua kwa namna mbili," anasema, na hapo ndipo unapomwona dereva wa tramu akikaa sawa kitini.

Ilikuwa Aprili 2010. Alhamisi saa nane mchana, hospitali moja ya Wrocław ilimaliza kutoa seli za mtu mmoja. Bożena, wakati huo akiwa na miaka 46, alipangiwa kuondoka nazo Ijumaa asubuhi kwa ndege ya moja kwa moja. Usiku huo mlima wa volkano huko Iceland ulikuwa umeshatapika majivu mengi, na upepo uliyaleta juu ya Ulaya. Norway ilikuwa ya kwanza kabisa kufunga anga lake. Ijumaa alfajiri Bożena alifika uwanjani akakuta ubao wa safari umeandikwa neno moja kutoka juu hadi chini: imefutwa, imefutwa, imefutwa.

Alimpigia simu Dorota Wilk, mratibu wa safari za seli.

"Rudi hospitali, Bi Bożena," Dorota alimwambia. "Waziweke kwenye jokofu. Wanasema huenda anga likafunguliwa saa sita."

"Nani anasema?"

"Watu wa hali ya hewa."

"Hao hao waliosema jana tutaruka?"

Bożena akaendelea: "Huyo mgonjwa wa Oslo ameshapewa dawa?"

"Ameshapewa."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Kabla ya kupokea seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uboho wake wote. Baada ya hapo mwili wake hauwezi kutengeneza damu wala kupigana na mafua. Akiisha kupewa, hakuna kurudi nyuma. Ama seli zifike, ama asubiri bila kinga yoyote, akiombewa.

"Sasa sikia, binti yangu," Bożena alisema. "Anga likifunguliwa saa sita, mimi nitakuwa nimepoteza tiketi moja ya treni. Lisipofunguliwa hadi Jumapili, ninyi mtakuwa mmepoteza mtu. Mimi naenda."

"Unaenda wapi? Kwa njia gani?"

"Kwa reli. Hayo majivu hayajafika relini."

"Ukikwama baharini mimi sitakuwa na msaada wowote!"

"Hata nikikwama hapa huna."

Dorota, ambaye sasa ndiye mkuu wa ofisi hiyo, anakumbuka kwamba alikata simu akalia, kisha akaanza kutafuta namba za hospitali ya Oslo ili awaambie kwamba seli zao zinakuja kwa njia asiyoijua.

Saa tatu na dakika kumi Bożena alipanda treni ya kwenda kaskazini. Ilijaa wasafiri waliokwama, wengine wamekalia mizigo yao kwenye ujia. Alisimama hadi katikati ya safari, sanduku kifuani. Mwanamume mmoja alimwambia aliweke juu kwenye rafu apumzike. Alimjibu kwamba hata chooni anaingia nalo. "Nilikuwa sitanii," anasema. "Uliza mtu yeyote wa kazi hii. Tumejifunza kufunga zipu kwa mkono mmoja."

Saa kumi na nusu jioni alishuka Świnoujście, mwisho wa reli. Feri ya kwenda Ystad, Sweden, ingeondoka usiku. Kwenye dirisha la tiketi umati ulikuwa kama siku ya soko la Krismasi. Alipofika mbele, karani alikuwa ameshachoka hata kuinua macho.

"Abiria wa miguu wamejaa hadi Jumatatu."

"Nimebeba uboho wa mgonjwa."

"Leo kila mtu ana jambo la kufa na kupona, mama. Yule pale mwenye suti ana harusi yake mwenyewe."

Bożena aliweka barua dirishani. Karani aliisoma, safari hii akainua macho. Alisema hawezi kumwondoa abiria aliyekwisha kulipa, na nahodha hawezi kuzidisha idadi ya watu, maana vyelezo vya kujiokolea vinahesabiwa. Kisha akainama karibu na kioo.

"Sikiliza, dada. Kila lori lina vitanda viwili kwenye feri, cha dereva na cha mwenzake. Wengi wanasafiri peke yao. Nenda uwanja wa malori. Ukipata dereva atakayekuandika kuwa mwenzake, njoo naye hapa, mimi nitapiga muhuri."

Malori yalikuwa yamepangwa safu tatu. Bożena aligonga mlango mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alidhani anauza sigara. Wa pili alikuwa na mkewe. Wa tatu alisikiliza hadi mwisho, akasema hataki damu kwenye gari lake, ni mkosi. Wa nne na wa tano hawakuwa wanaelekea Norway. Wa sita alikuwa amelala.

Wa saba aliitwa Ireneusz Pluta, mtu wa Szczecin, mwili kama pipa, akirudi Norway na lori tupu la jokofu kuchukua samaki. Alikuwa anakula yai la kuchemsha.

"Unauza nini?"

"Siuzi. Naomba kiti."

"Cha kwenda wapi?"

"Oslo. Hospitali."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Hili sanduku lina uboho wa mtu."

Ireneusz aliacha kutafuna. "Wa maiti?"

"Wa mtu mzima, yuko nyumbani kwake anakula kama wewe. Anayeweza kuwa maiti ni huyo anayeusubiri."

"Mama, mimi nabeba samaki. Hili lori linanuka hadi kwenye usukani."

"Nimeendesha tramu miaka ishirini, mwezi wa saba, madirisha yamegoma kufunguka. Unanitisha mimi kwa harufu?"

"Tramu!" Ireneusz alicheka hadi akapaliwa. "Hiyo nayo ni kuendesha? Si inajikata kona yenyewe!"

"Na bado sijawahi kupotea njia. Wewe je?"

Alimfungulia mlango.

Nilimpigia simu Ireneusz wiki iliyopita. Ana miaka 67, bado yuko Szczecin, bado ana sauti ya honi. "Bado mkali?" ndilo swali lake la kwanza. Kisha akaniambia kwa nini alikubali. "Miaka kumi na moja nilikuwa nabeba samaki. Wakichelewa, mtu anakosa chakula chake cha jioni, basi. Nikawaza, mara moja tu maishani, nibebe kitu ambacho kikichelewa ni kweli kimechelewa."

Karani alipiga muhuri wake, na usiku feri iling'oa nanga. Asubuhi, saa moja, walishuka Ystad. Zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya mia sita za barabara, na tangu seli zitolewe zilikuwa zimepita saa arobaini na moja. Redio ilitangaza kwamba viwanja vimefungwa karibu Ulaya yote. Saa sita ya Ijumaa ilikuwa imekuja na kupita, na hakuna ndege iliyoruka.

Ireneusz alijitolea kuliweka sanduku nyuma, kwenye jokofu la lori, nyuzi mbili kamili. Bożena alikataa. Kipima joto cha sanduku kilisoma nyuzi nne, na kwake hiyo ilitosha. Alilipakata.

Baada ya saa nne na nusu, kaskazini ya Göteborg, Ireneusz aliingiza lori kwenye kituo cha mapumziko akazima injini.

"Kuna nini?" Bożena aliuliza.

"Dakika arobaini na tano. Sheria ya madereva. Kifaa hiki kinaandika kila kitu."

"Kaka, huyo mtu hana dakika arobaini na tano."

"Anazo. Nimepiga hesabu, na wewe umepiga, nimekuona ukihesabu kwa vidole tangu Malmö. Nikisimamishwa na polisi kwa kuvunja sheria, lori linalala hapa na wewe unatembea."

Bożena anakiri kwamba hizo ndizo zilikuwa dakika ngumu kuliko zote. Si kwamba hakuelewa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kumripoti dereva mwenzake aliyesinzia akiendesha tramu. "Nilijua ana haki. Ndiyo maana nilizidi kukasirika." Alishuka akazunguka lile lori mara kumi na nne, sanduku kifuani, huku Ireneusz akikoroma. Ilipotimia dakika ya arobaini na tano aligonga kioo kwa funguo za nyumbani kwake.

Mpakani Svinesund malori yalikuwa yamejipanga kwa kilomita mbili, kwa kuwa mizigo yote ya angani ilikuwa imeshuka barabarani. Ireneusz aliwasha taa za dharura akapita pembeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ofisa wa forodha alikuja mbio, uso umemwiva.

"Wewe unajiona nani?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mimi si kitu," Ireneusz alijibu kwa Kiingereza chake cha bandarini. "Muulize huyu bosi."

Ofisa alitaka sanduku lifunguliwe. Bożena aliweka mikono yote miwili juu ya kifuniko. Alikuwa hajui Kinorwe, na Kiingereza chake kilikuwa maneno ishirini. Alitoa ukurasa wa pili wa barua, ulioandikwa kwa Kinorwe na hospitali yenyewe. Ofisa aliusoma mara mbili. Akatoa simu, akapiga namba iliyokuwa chini ya ukurasa, akasikiliza.

Alipokata, sauti ilikuwa imebadilika. "Wanasema walidhani hutafika."

Aliondoa vizuizi vya njia ya pembeni kwa mikono yake mwenyewe. Lori lilipopita, aligonga ubavu wake mara mbili kwa kiganja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni ya Jumamosi, lori la samaki liliingia lango la hospitali ya Oslo, mahali pa magari ya wagonjwa. Mlinzi alilipungia mkono liondoke. Muuguzi mmoja, Torunn, alitoka akikimbia na viatu vya plastiki.

"Tuliambiwa unakuja na treni," alisema.

"Nimekuja na samaki," Bożena alijibu, na Ireneusz akamtafsiria.

Torunn alisoma kipima joto. Kwa muda wote sanduku halikuwahi kuzidi nyuzi sita. Akatia saini, Bożena akatia saini. Saa hamsini na moja na dakika ishirini tangu seli zitolewe. Kutoka kituo cha treni cha Wrocław hadi pale, saa thelathini na mbili na dakika kumi.

"Alipolichukua sanduku, mikono yangu ilibaki hivi," Bożena anaonyesha, mikono imejikunja mbele ya kifua. "Haikutaka kunyooka. Ireneusz alininyoosha kidole kimoja kimoja. Akaninunulia soseji ya kituo cha mafuta. Sijala soseji tamu kama ile, na ilikuwa mbaya sana."

Alirudi na lori lile lile, kwa sababu anga lilikuwa bado limefungwa. Lilibaki hivyo siku kadhaa. Alikosa zamu mbili za tramu, na msimamizi wake akamkata mshahara wa siku hizo. Hakubishana.

Wiki nne baadaye simu yake iliita akiwa kwenye chumba cha mapumziko cha madereva. Ilikuwa Dorota. Kanuni hazikumruhusu kusema kitu chochote kuhusu mgonjwa, naye hakutaja jina, umri wala jinsia.

"Zimeshika," alisema, akakata.

Seli zikishika, maana yake zimeanza kutengeneza damu. Bożena alirudi kwenye tramu yake. Anasema alipita kituo kimoja bila kusimama, mara ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na sita, na abiria walimtukana vilivyo.

Tangu mwaka ule ana daftari. Kwa kila viwanja viwili anavyosafiri, huandika umbali wa ndege na muda wake, kisha chini yake huandika njia ya ardhini: treni gani, feri gani, uwanja gani wa malori, karani gani anasikiliza mtu. Mwanzoni ofisini walimcheka. Walimwita Bi Ratiba. Kisha majira ya baridi fulani mvua ya barafu ilifunga viwanja vyote vya Silesia, mkoa wa Wrocław, kwa siku mbili, na mbebaji mwenzake akafikisha seli Vienna kwa kufuata ukurasa wake wa tisa. Leo daftari hilo limepigwa chapa, lina safari arobaini na tatu, na hakuna mbebaji mpya anayepewa sanduku kabla ya kulisoma.

"Watu wanaona bidii," Dorota anasema. "Mimi namwona mtu ambaye hajanisamehe kwa kumwambia asubiri."

Nilipompelekea Bożena maneno hayo, nyumbani kwake karibu na mto Oder, alicheka akaendelea kukata mkate. "Nilimsamehe siku ile ile. Hakuwa na ramani. Mtu asiye na ramani atasema nini zaidi ya subiri?"

Kanuni zinamtaka aache sanduku akifika miaka 65. Amebakiza miaka mitatu. Ukurasa mmoja wa daftari bado ni mtupu, wenye kichwa tu: Wrocław hadi Palma de Mallorca. Kilomita kama elfu moja na mia saba, chini ya saa tatu hewani. Kwa ardhi na bahari, hesabu yake inasema saa arobaini na moja hadi mlangoni pa hospitali, kama feri ya Barcelona haitachelewa.

"Hesabu haijapanda treni," anasema. "Haijui kwamba pale Lyon una dakika kumi na mbili za kubadilisha jukwaa."

Kwa hiyo mwezi wa sita, kwa pesa zake mwenyewe, atakwenda. Atabeba sanduku lenye uzito kamili, mfuko wa maji ya chumvi ndani yake na kipima joto. Hatakula mkahawani, hatalala hotelini, na chooni ataingia nalo. Ameshamwandikia muuguzi mmoja wa Palma amsubiri mlangoni na saa mkononi.

Je, ikichukua zaidi ya saa sabini na mbili?

Bożena anafuta makombo ya mkate mezani kwa kiganja.

"Basi nitarudi Wrocław," anasema, "nianze tena kwa kupitia bandari ya Genoa."